Kutengeneza kisu cha kuchunia kwa springi ya gari: kutoka chuma chakavu hadi makali

Kisu cha mwindaji kina kazi tatu: kufungua ngozi bila kutoboa utumbo, kuitenganisha ngozi na nyama, na kugawa viungo. Hakuna hata moja inayohitaji panga dogo. Hata hivyo visu vingi vya kutengenezwa kwa mkono huuzwa vikiwa na unene wa mm 6, urefu wa sm 18 na ncha ya mkuki. Vinapendeza kutazama, lakini mpe mchunaji aliyezoea kazi na atakurudishia kabla hajamaliza mbuzi wa kwanza. Kisu kinachoelezwa hapa ni kifupi na chembamba, na kinachoamua ubora wake ni vitu viwili: unene wa chuma nyuma ya makali, na moto kiliopitia. Mengine yote, pamoja na uzuri wa mpini, yanakuja baadaye.

Neno moja kuhusu sheria kabla ya kuwasha mkaa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huko kisu hiki ni cha mbuzi, kondoo na ng'ombe. Tanzania uwindaji unaruhusiwa kwa leseni tu, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Popote ulipo, usitembee mjini na kisu kiunoni. Kiweke ndani ya ala, na ala ndani ya mkoba.

Vipimo

Ubapa uwe na urefu wa sm 9 hadi 10, upana wa mm 30, na unene wa mm 3.5 kwenye mgongo. Mpini uwe sm 11.5, au sm 12 kwa mkono mkubwa. Mgongo ushuke taratibu kuelekea nchani ili ncha ikae karibu na mstari wa katikati ya ubapa, na tumbo la makali lipinde vizuri katika theluthi ya mbele, kwa kuwa ndilo linalochuna. Ncha iliyopanda juu sana hutoboa matumbo.

Msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, uwe mpana kama mpini wenyewe na ufike hadi mwisho. Msuka mwembamba uliochomekwa kwenye mti ni rahisi kutengeneza, ila maji na damu hupenya humo na mpini huanza kucheza.

Chora umbo lote kwenye kadibodi, likate, kisha lishike mkononi na ujifanye unachuna. Kosa la umbo lirekebishe hapa, maana kadibodi haina gharama.

Kupata chuma

Springi bapa za magari ndizo chuma bora kinachopatikana kwa urahisi. Zile za Kijapani mara nyingi ni za chuma aina ya SUP9, za Kimarekani 5160 na za Ulaya 51CrV4. Zote zina kaboni ya karibu asilimia 0.5 hadi 0.6 pamoja na kromu kidogo, na zote hugumishwa kwa mafuta, yaani hupashwa hadi kuwa nyekundu kisha kuzamishwa humo. Kwa wauza vyuma chakavu wa Gerezani, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, omba bapa la pikapu ndogo na si la lori. La pikapu huwa na unene wa mm 6 au 7. La lori hupita mm 10, na utateseka bure kulipunguza.

Nondo usiguse. Haina kaboni ya kutosha, na hata ukiizamisha mara kumi haitashika makali. Tupa kuukuu ya kampuni inayojulikana hutoa makali makali kuliko springi lakini huvunjika kirahisi zaidi, na tupa za bei ya chini nyingine ni ngumu juu tu, ndani laini. Chuma chochote chenye rangi ya fedha ya kupakwa zinki au kromu kiache. Moshi wa zinki ukivutwa huleta homa na kifua kubana.

Springi iliyotumika barabarani miaka mingi inaweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Isugue kwa brashi ya waya, ipake mafuta ya taa, iache robo saa, ifute ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ukiona mstari, sogea ukate mahali pengine.

Kabla ya kuamini kipande kizima, kata kijipande cha ukubwa wa kidole, kipashe hadi sumaku iache kukinasa, ongeza joto kidogo, kisha kizamishe kwenye mafuta ya moto. Kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa, vaa miwani na ukigonge kwa nyundo. Kikikatika ghafla, na uso wa mkatiko ukiwa wa kijivu na laini, chuma kinafaa. Kikipinda bila kukatika, kirudishe ulikokinunua.

Vifaa

Grinda ya mm 115 yenye kikinga chake, msumeno wa chuma, tupa mbili (bapa na nusu duara), jiliwa, mashine ya kutobolea, sumaku, koleo refu, nyundo ya kilo 1, na misasa ya namba 120, 240, 400 na 600. Mkaa wa mti mgumu, debe moja hadi mawili. Kwa tanuru, ngoma ya breki ya lori iliyotobolewa chini na kuunganishwa na bomba la upepo inatosha. Feni ya mkono au mashine ya kukaushia nywele itapuliza. Mafuta ya alizeti lita 3.5. Kwa mpini: vipande viwili vya mti vya sm 12 kwa 4 kwa 1, fimbo ya shaba ya mm 5, na gundi ya epoksi inayokauka kwa saa 24. Ile ya dakika tano haidumu kwenye kisu kinachooshwa kwa maji ya moto.

Miwani na barakoa huvaliwa mwanzo hadi mwisho. Diski ya grinda iliyolowa, kupasuka au kuanguka itupe, hata kama inaonekana nzima.

Kulainisha, kunyoosha na kukata

Springi ikitoka kwenye gari ni ngumu kwa msumeno na imepinda. Ipashe yote hadi sumaku iache kunasa, kisha ifukie kwenye ndoo ya majivu makavu hadi kesho yake. Ikitoka humo itakatika kwa msumeno kama chuma cha kawaida. Kuinyoosha hufanyika ikiwa nyekundu, juu ya fuawe au kipande kizito cha reli. Usiigonge ikiwa imefifia na kuwa nyeusi, kwani hapo huzaa nyufa ndani. Wala usiache ifikie rangi ya njano inayorusha cheche. Chuma kilichofika huko kimeungua, hakirudi.

Kama huna mhunzi karibu wa kulipunguza bapa kutoka mm 7 hadi mm 4.5 kwa nyundo, itabidi uondoe kwa grinda, kazi ya kuchosha yenye vumbi jingi. Mpe mhunzi. Milimita moja inayobaki juu ya kipimo utaiondoa mwenyewe, na unaihitaji, kwa sababu ngozi ya nje ya chuma kilichokaa motoni hupoteza kaboni na haiwezi kugumika.

Chora umbo la kadibodi kwenye chuma, kata nje ya mstari kwa mm 2, na umalizie kwa tupa. Toboa sasa matundu mawili ya pini kwenye msuka, ya mm 5.2, la kwanza sm 2 kutoka mwanzo wa mpini na la pili sm 2.5 kutoka mwisho. Wengi husahau hatua hii, kisha huja kugundua kwamba keekee ya kawaida haigusi chuma kilichogumishwa. Ongeza matundu mengine mawili matatu katikati ya msuka. Yanapunguza uzito na kuipa epoksi mahali pa kupita.

Kuchonga ubapa

Paka wino mzito ukingo wote wa makali. Chukua keekee yenye kipenyo sawa na unene wa chuma chako, ilaze mezani pamoja na ubapa, na uburute ncha yake kwenye ule ukingo. Itakwaruza mstari katikati kabisa. Geuza ubapa na urudie upande wa pili. Mistari hiyo miwili ikiachana kidogo, kati yao ndipo makali yatakapokaa.

Chonga kila upande kutoka makali kwenda mgongoni, ukibadilisha upande kila mara ili chuma kisielemee. Mteremko uanze juu, karibu na mgongo, usiwe wa mm 8 tu pale chini. Mteremko mfupi kwenye chuma kinene ndio unaotengeneza kisu kinachopasua nyama badala ya kuikata.

Acha ukingo wa makali ukiwa na mm 1 kamili. Mwembamba kuliko hapo utajipinda au kupasuka kwenye mafuta. Mnene sana utakutesa baadaye. Ondoa mikwaruzo ya grinda kwa msasa hadi namba 240, hasa ile inayokatiza ubapa, na zungusha kona zote kali, kwa kuwa ufa huanzia kwenye mkwaruzo mrefu au kona ya ndani isiyo na mviringo.

Moto

Hapa ndipo kisu kinapozaliwa au kuharibika, na ndipo penye haraka nyingi kuliko mahali pengine. Fanya kazi hii jioni au ndani ya kibanda chenye kivuli. Kwenye jua la mchana chuma chenye nyuzijoto 850 kinaonekana cha kawaida, na utakiunguza.

Kwanza tuliza chuma. Pasha ubapa wote sawasawa hadi sumaku iache kunasa na kidogo zaidi, utoe, uache upoe kwenye hewa tulivu hadi unashikika. Rudia mara tatu, kila mara ukipunguza moto kidogo. Nyundo na moto mkubwa wa mwanzo huacha chembe za chuma zikiwa kubwa, na hatua hii inazirudisha kuwa ndogo. Ukiiruka kisu kitakata siku ya kwanza na kumeguka ya pili.

Andaa chombo cha mafuta: bomba la chuma la kipenyo cha sm 12 na kimo cha sm 40, lililolehemewa chini, limesimama imara ndani ya ndoo ya mchanga. Lita 3.5 zitaacha nafasi ya karibu sm 9 juu. Kifuniko cha chuma kiwe karibu na mkono wako wa pili. Mafuta yakiwaka, funika. Usimwagie maji kamwe. Yapashe mafuta hadi nyuzijoto 50 au 60 kwa kuzamisha kipande cha chuma cha moto. Mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole kuliko ya vuguvugu, jambo linaloshangaza wengi. Mafuta machafu ya injini yasitumike, moshi wake una sumu. Na maji ni ya chuma kingine. Springi ikizamishwa majini, mara nyingi utasikia mlio mdogo wa “ting”, nao huo ni ufa.

Upepo uwe mdogo. Mkaa uwe na kina cha sm 15, ubapa ukae juu ya katikati ya moto, mgongo ukitazama chini, kwa kuwa ncha na makali ni membamba na huwahi kupata joto. Sogeza mbele na nyuma. Jaribu sumaku kila baada ya muda mfupi. Ikiacha kunasa upo karibu nyuzijoto 770. Endelea hadi rangi ipande kidogo tu, wekundu wa kung'aa unaoelekea chungwa, karibu nyuzijoto 830, na ushikilie hapo dakika mbili tatu rangi ikiwa moja kutoka shingoni hadi nchani. Kivuli cheusi kikionekana kinatembea ndani ya ubapa, bado.

Toa, na ndani ya sekunde mbili zamisha, ncha kwanza, wima. Chezesha juu na chini. Ukichezesha kushoto na kulia upande mmoja utapoa kabla ya mwingine na kisu kitapinda. Hesabu hadi kumi, toa, tazama mgongo kwa jicho moja. Kama kimepinda, una takriban dakika moja ya kukinyoosha kwa mikono yenye glovu nene, chuma kikiwa bado cha moto. Kikishapoa usijaribu, kitakatika.

Sasa pitisha tupa kwenye makali. Iteleze kana kwamba inapita juu ya kioo. Ikiuma kidogo kwenye ngozi ya juu halafu ikateleza, hiyo ni ile ngozi iliyopoteza kaboni, usiwe na wasiwasi. Ikiendelea kuuma, joto halikutosha, au ulichelewa kati ya moto na mafuta. Tuliza tena mara moja na urudie.

Kisu sasa ni kigumu mno, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Usikilaze usiku. Ndani ya saa moja kisafishe kwa msasa hadi chuma king'ae na ukiweke kwenye oveni ya nyuzijoto 200 kwa saa mbili, kipoe, kisha saa mbili nyingine. Oveni za gesi hudanganya, kwa hiyo jaza treya mchanga mkavu, fukia kisu humo na usome kipimajoto kilichochomekwa ubavuni mwake. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye mchanga na mfuniko juu ya mkaa wa wastani, akichungulia rangi: njano ya majani makavu ndiyo inayotakiwa. Ikifika hudhurungi unapoteza makali kidogo, lakini kisu kinastahimili mifupa zaidi. Ikifika buluu, umetengeneza springi upya, na itabidi urudi kwenye mafuta.

Kuanzia hapa, kila unapogusa grinda au mashine ya msasa, shika ubapa kwa mikono mitupu na uchovye majini kila baada ya sekunde chache. Vidole vikishindwa kuvumilia, chuma nacho kinakaribia kushindwa. Doa dogo la buluu kwenye ncha maana yake ncha hiyo ni laini. Punguza ukingo hadi mm 0.4 kabla ya kunoa. Kisha msasa wa mkono, 240 hadi 600, kwa urefu wa ubapa. Kung'arisha hadi kioo si lazima.

Mpini

Mninga unafaa kuliko miti mingi: hautanuki wala kusinyaa sana, unachongeka, na unashika gundi. Mpingo ni mgumu na mzuri zaidi, lakini mzito kiasi cha kuzama majini. Una mafuta yanayokataa gundi hadi uufute kwa asetoni mara mbili, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Jenasi yake iko kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, kwa hiyo ukitaka kuvusha kisu mpakani uliza vibali kwanza. Pembe ya ng'ombe inafaa ikiwa imekauka. Pembe au jino la mnyamapori lisikaribie meza yako.

Kwaruza msuka na upande wa ndani wa mti kwa msasa namba 120, toboa mti ukitumia matundu ya msuka kama kielelezo, na umalize kabisa ncha za mbele za vipande, zile zinazotazama ubapa, kabla ya kugundisha. Baadaye huwezi kuzifikia bila kukwaruza chuma. Changanya epoksi, paka pande zote, piga pini, bana kwa klempu mbili. Bana kwa kiasi. Ukikaza kwa nguvu gundi yote hutoka na kiungo hubaki kikavu. Futa iliyofurika mbele ya mpini kwa spiriti ikiwa bado mbichi. Acha saa 24.

Chonga mpini uwe na umbo la yai ukitazamwa kwa nyuma, ili kidole kijue makali yako wapi gizani. Paka mafuta ya kitani mara tatu, siku moja kati ya kila mpako. Matambara yenye mafuta hayo yatandaze nje yakauke, kwa kuwa yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe.

Makali

Ubapa ukiwa na upana wa mm 30, inua mgongo mm 10 juu ya jiwe la kunolea. Hiyo ni takriban digrii 20. Anza na jiwe la namba 400, noa upande mmoja hadi kidole kihisi uzi mwembamba wa chuma upande wa pili, urefu wote. Bila uzi huo hujafika ukingoni, na kuhamia jiwe laini ni kupoteza muda. Geuza, rudia, kisha namba 1000 kwa mguso mwepesi, na umalize kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kisu kwa mgongo. Usikinoe hadi kioo. Makali yenye ukwaru kidogo hushika ngozi na mafuta vizuri zaidi.

Ala

Ngozi ya mm 3 iliyotengenezwa kwa magome ya miwati, ikunjwe upande wa mgongo. Kati ya tabaka mbili, upande wa mshono, weka utepe wa ngozi wa mm 8. Makali yataegemea utepe huo badala ya kukata nyuzi. Toboa kila baada ya mm 4, shona kwa sindano mbili na uzi wenye nta. Loweka ala, funga kisu kwa nailoni, kichomeke na uache ngozi ikauke ikichukua umbo lake.

Kukitumia

Mnyama uliyemkuta amekufa usimchune. Kimeta huambukiza kupitia ngozi na damu, na vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi. Damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani au nyuma ni sababu ya kumwita daktari wa mifugo, huku kisu kikibaki kwenye ala.

Kwa mnyama aliyechinjwa akiwa na afya, toboa ngozi mara moja tu kifuani, kisha ingiza ncha chini ya ngozi makali yakitazama juu, na ukate kutoka ndani kwenda nje. Manyoya yana vumbi na mchanga. Ukikata kutoka nje makali yataisha kabla ya mguu wa pili. Kwenye tumbo, weka vidole viwili pande zote za ncha na uinue ngozi mbali na utumbo. Ngozi ikishaachia, acha kisu na utumie ngumi kuisukuma. Kisu kirudi pale tu inapong'ang'ania, makali yakielekea ngozini badala ya nyama, lakini kwa wepesi, kwani kila tundu kwenye ngozi ni hasara ya muuzaji. Viungo vikatwe kwenye maungio. Hiki si shoka, na kukisokota mfupani ndiko kunakomegua makali.

Ukimaliza, osha kwa maji ya moto na sabuni papo hapo, kausha, paka mafuta ya mgando kidogo. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Dawa za klorini zisikae juu ya chuma hiki zaidi ya muda wa kusuuza, na usikilaze ndani ya ala, hasa ukiwa Pwani, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na chumvi na kutu huanza usiku mmoja. Rangi ya kijivu itakayotanda kwenye ubapa kwa damu na ndimu iache, inakinga kiasi. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondoa, kwa msasa namba 600 wenye mafuta.

Baada ya kunolewa mara nyingi, kisu kitaanza kukataa kukata ingawa ukingo unakwaruza ukucha. Hapo jiwe la makali halitasaidia, kwani ukingo umepanda kwenye sehemu nene. Laza mteremko wote kwenye jiwe la namba 220, upunguze hadi urudi mm 0.4, kisha noa upya kwa digrii zilezile 20.